Ndago Inayorudi Kila Ukipalilia: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Umepalilia tuta la mchicha Jumamosi. Kufikia Jumatano limeshaota majani membamba ya kijani yanayong'aa, na mchicha wenyewe bado haujanyanyua kichwa. Usitafute mchawi. Hiyo ni ndago, na wala si wewe peke yako unayesumbuka nayo. Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu LeRoy Holm na wenzake walipoyapanga magugu mabaya kuliko yote duniani, ndago waliiweka ya kwanza, mbele ya ukoka na mbele ya magugumaji yanayoziba maziwa yetu. Wakati huo ilikuwa imeripotiwa katika nchi zaidi ya 90.

Mimi nimepambana nayo kwenye bustani ya nyuma ya nyumba, Kigamboni, kwa misimu minne. Miwili ya kwanza nilikuwa naipanda mwenyewe bila kujua. Karibu kila njia ya kuiua ndago, ukiifanya nusu, inageuka kuwa njia ya kuizidisha. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe tena, tazama dalili unayoiona, ujue imetokana na nini.

Kwanza, ni ndago kweli?

Watu wengi huita ndago kila jani jembamba linalorudi. Lakini sangari ina dawa yake, na ukoka una yake. Ukikosea hapa, kazi yote inayofuata ni bure.

Chukua bua lenye ua, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. La ndago lina pembe tatu, utazihisi zikikwaruza vidole. La sangari au ukoka ni la mviringo na lina vifundo kama vya muwa. La ndago halina kifundo hata kimoja kuanzia chini mpaka kwenye ua. Kisha litazame shina kwa juu, kama unayechungulia kisimani: majani ya ndago yametoka pande tatu, ya sangari yametoka pande mbili. Ndago si nyasi hata kidogo, ni ya ukoo mmoja na mafunjo ya mitoni, na ndiyo maana dawa nyingi zilizotengenezwa kuua nyasi haziigusi.

Sasa ichimbue. Usiivute kwa mkono, maana ukiivuta utabaki na majani tu. Chomeka uma wa kulimia au sululu pembeni, inua bonge zima la udongo, ulivunjevunje taratibu. Utaona nyuzi nyembamba ngumu, na kwenye nyuzi hizo vijiazi vyeusi au vya kahawia, vyenye manyoya, ukubwa wa punje ya mahindi au karanga. Vimeungana kimoja baada ya kingine kama tasbihi. Kipasue kimoja: ndani ni cheupe, kina harufu kali kama ya marashi ya kizamani, na ukikionja ni kichungu.

Kama vijiazi ulivyovikuta viko kimojakimoja kwenye ncha za nyuzi, ni vya mviringo, na utamu wake unakaribia wa njugu, basi umempata jamaa yake, ndago ya njano. Maua yake ni ya rangi ya dhahabu, wakati ya ndago yetu ni ya kahawia inayoelekea zambarau. Jani lake pia huchongoka polepole mpaka ncha ndefu, wakati la ndago ya kawaida hukatika ghafla. Mjini Valencia, Hispania, aina yake ya kufugwa hulimwa kwa makusudi na kutengenezewa kinywaji. Tofauti hii si ya kujifurahisha tu: dawa ya metolakloro, ambayo watu huinyunyiza kabla mahindi hayajaota, huizuia ndago ya njano vizuri lakini hii ya zambarau huipita kama haipo. Nimekutana na watu wanaolalamika kwamba wameuziwa dawa feki, kumbe dawa ni nzima, gugu ndilo lingine.

Dalili: Nimepalilia vizuri, imerudi maradufu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalostahili maelezo marefu.

Ile tasbihi ya vijiazi ina mkubwa wake. Kijiazi cha mwisho mwa mnyororo, kile kichanga, ndicho hutangulia kuchipua, na kikiwa kimechipua huwazuia wenzake kufanya hivyo. Wanalala. Wanaweza kulala miaka kadhaa ardhini wakiwa hai. Sasa njoo na jembe lako la mkono, ukate sentimita tano au kumi chini ya uso wa udongo: umekata nyuzi, umeivunja tasbihi vipandevipande, na kila kijiazi kilichokuwa kimelala sasa ni mkubwa wa nyumba yake. Kilichokuwa mche mmoja kinarudi mitano. Si kwamba ulipalilia vibaya. Ulipalilia kama unavyopalilia magugu mengine, na hili si kama mengine.

Ukijua kwamba sehemu kubwa ya vijiazi iko ndani ya sentimita 15 za juu, na vichache hufika 30 au zaidi, utaona pia kwa nini jembe la kawaida linafanya uharibifu: linapita katikati ya tasbihi, halifiki chini yake.

Una njia mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni kufukua. Fanya hivyo kiangazi, jua likiwa kali. Kwa Pwani ni Januari na Februari, baada ya vuli kukatika na kabla masika hayajaanza. Fukua kwa uma hadi kina cha jembe zima na zaidi, pindua madongo, uyavunje, uyaache juani. Kijiazi cha ndago ni kigumu kwa kila kitu isipokuwa kukauka. Kikikaa juu ya udongo mkavu, kimetenganishwa na mama yake, jua la wiki moja hadi mbili hukiua. Lakini kikibaki ndani ya dongo la mfinyanzi lenye unyevu katikati, kinakusubiri tu. Kwenye mchanga wetu wa Kigamboni kazi ni rahisi. Wenye udongo mweusi unaoshikamana lazima wapindue madongo mara mbili au tatu. Na mvua ikinyesha siku ya nne, hesabu kwamba umepanda, hujaua.

Mimi kwa tuta lililoathirika zaidi niliazima chekeche la mchanga kwa fundi mwashi jirani, nikachekecha udongo wote wa juu. Alicheka sana, akaniuliza kama nimepoteza pete. Tuta moja la mita tatu lilinipa nusu ndoo ya vijiazi. Siwezi kumshauri mtu achekeche robo eka, lakini kwa vitalu vya miche na matuta machache karibu na jiko, sijaona njia safi kuliko hiyo.

Njia ya pili ni kuichosha. Hapa hufukui kabisa. Kila mche unaotokea unaung'oa ukiwa mdogo, kabla haujafikisha majani matano au sita. Sababu ni hii: mpaka hatua hiyo mche unaishi kwa akiba ya kijiazi, bado haujaanza kutengeneza vijiazi vipya. Ukiung'oa, kijiazi kimepoteza akiba bila kupata faida. Kitachipua tena, kwa sababu kijiazi kilichokomaa kinaweza kuchipua mara kumi na zaidi, lakini kila chipukizi ni dhaifu kuliko lililotangulia. Ukiuacha wiki nne hadi sita, mche umeshalipa deni na kuanza kuweka akiba mpya, na hesabu yako inaanza upya.

Kwa hiyo kuchosha ndago ni suala la kalenda, nguvu hazihitajiki sana. Kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, pita matuta yote. Ukisafiri mwezi mmoja bila kumwachia mtu kazi hiyo, umerudisha msimu mzima nyuma. Hapo ndipo watu wengi, mimi nikiwamo, hushindwa.

Na mtu asikudanganye kwamba ni michache, utaimaliza baadaye. Huko Minnesota, Marekani, watafiti walipanda kijiazi kimoja cha ile ndago ya njano wakakiacha kienee. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1961 yalionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja kilikuwa na mimea 1,900 na vijiazi karibu 6,900.

Dalili: Nimeanza kung'oa kila wiki mbili, na ndago imeongezeka badala ya kupungua

Hii ni ya wiki za mwanzo na ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Umewaondoa wakubwa, waliolala wameamka. Ni dalili njema, maana kijiazi kilichoamka unaweza kukichosha, kilicholala huwezi. Endelea. Kama baada ya miezi mitatu ya kung'oa bila kuruka bado miche inatoka minene, mirefu na ya kijani kilichokolea kama ya mwanzo, basi kuna mahali unaruka, na mara nyingi ni chini ya majani ya mboga kubwa au kwenye kingo za tuta ambako huangalii.

Dalili: Nimepulizia dawa, majani yakakauka kabisa, wiki ya tatu yako palepale

Swali la kwanza: ulipulizia dawa gani? Dawa za kuunguza, kama parakwati, huua sehemu iliyoguswa tu. Majani yanaungua siku hiyohiyo, unafurahi, na kijiazi hakijapata habari. Parakwati isitoshe ni sumu isiyo na dawa ya kuiponya ikimezwa, hata funda dogo, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Kuiweka kwenye nyumba yenye watoto kwa ajili ya gugu ambalo hailiui, sioni mantiki yake.

Kama ulitumia glaifosati, ambayo husafiri ndani ya mmea mpaka chini, basi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi ninavyovijua kwa kuvifanya mwenyewe.

Ulipulizia mapema mno au siku chache baada ya kupalilia. Dawa inahitaji majani ya kuingilia. Mche wenye majani matatu unapandisha chakula kutoka kwenye kijiazi kwenda juu, na dawa haiwezi kwenda kinyume na safari hiyo. Subiri mche uwe na majani ya kutosha, unakua kwa nguvu, unakaribia kutoa ua. Wakati huo chakula kinashuka, na dawa inashuka nacho. Ndiyo, hii inapingana na kanuni ya majani matano niliyoitaja juu. Ndiyo maana nikasema usichanganye njia. Anayeng'oa hang'oi leo na kupulizia kesho.

Ulichanganya na maji ya mtoni au ya kisima chenye matope. Glaifosati hushikana na chembe za udongo na kupoteza nguvu hapohapo ndani ya bomba. Maji yawe safi. Kwa sababu hiyohiyo majani yaliyojaa vumbi la barabarani hayapokei dawa vizuri, wala yaliyosinyaa kwa kiu.

Au ulifukua baada ya siku mbili kwa sababu uliona majani yamenyauka. Ipe wiki mbili ishuke.

Na hata ukifanya yote sawasawa, itaua vijiazi vilivyounganishwa na majani yaliyo hai tu. Vilivyolala na vilivyokwisha kukatika havipati kitu, kwa kuwa dawa ikifika kwenye udongo haifanyi kazi tena. Jiandae kurudia msimu huohuo. Na kumbuka glaifosati haichagui: tone likianguka kwenye nyanya, nyanya imekwenda.

Ipo dawa inayoichagua ndago, halosulfuroni. Hutumika kwenye mahindi, miwa na viwanja vya nyasi. Inafanya kazi polepole, majani huanza kuwa ya njano baada ya wiki mbili au tatu, na watu wasio na subira hupulizia mara ya pili bila sababu. Tahadhari yake ni kwamba inabaki ardhini, na kibandiko chake hukataza kupanda baadhi ya mboga mahali hapo kwa miezi mingi. Kwa bustani ya mboga mchanganyiko nyuma ya nyumba, siishauri. Kwa mwenye eka za mahindi, asome kibandiko mpaka mwisho, aulize bwana shamba wake, na anunue dukani penye kibali dawa iliyosajiliwa: Tanzania wanaosajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya ni bodi ya PCPB. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na kibandiko, usiiguse.

Dalili: Nimetandaza nailoni nyeusi, ndago imeitoboa

Itatoboa. Chipukizi la ndago linapokuwa gizani hubaki limekunjwa, limechongoka kama msumari, likitafuta mwanga. Nailoni nyeusi inaliweka gizani mpaka dakika ya mwisho, na wakati huo ncha imeshapenya. Magugu mengine yote yanakufa chini ya nailoni hiyo na ndago inabaki peke yake, imepewa na maji ya bure.

Nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga, ndiyo inayoiweza. Chipukizi likikuta mwanga linadhani limeshafika juu, linafungua majani yake chini ya nailoni, na majani yaliyofunguka hayatoboi kitu. Kisha joto linayachoma. Ilowanishe ardhi kwanza, isawazishe, uondoe vijiti, utandaze nailoni, ufukie kingo zote kwa udongo ili hewa ya moto isitoke. Ukiacha nafasi ndogo kati ya nailoni na udongo, hata ya upana wa ukucha, majani yanapata mahali pa kufungukia na kazi inakuwa nzuri zaidi. Iache wiki sita za jua kali. Usiifanye Juni au Julai ukategemea matokeo hayohayo. Kipupwe hakina moto huo.

Vijiazi vya juu vitaiva kwa joto na kufa. Vya chini ya sentimita 20 vingi vitapona, kwa hiyo baada ya kuitoa nailoni usilime kwa kina ukavipandisha juu. Panda vivyo hivyo, na chipukizi litakalojitokeza ling'oe kwa kanuni ya majani matano.

Majani makavu au nyasi za kutandaza, hata zikiwa nene, ndago hupita katikati yake bila shida. Maboksi yaliyopandanishwa tabaka kadhaa hupunguza kasi, lakini ndago hutokea kwenye maungio.

Dalili: Shamba lilikuwa safi, ghafla ndago

Mbegu za ndago ni dhaifu, nyingi hazimudu hata kuota. Gugu hili husafiri kama kijiazi, na kijiazi hubebwa na mtu. Kwangu ililetwa na guta la udongo mweusi nilioununua kwa ajili ya viriba vya miche. Ulikuwa mzuri, laini, una rutuba, na ulikuwa umechotwa mahali penye ndago. Wengine huletewa na kifusi cha kujazia uwanja, na miche ya matunda kutoka kwenye vitalu vya barabarani, ikiwa na kijiazi kimoja kimejificha chini ya kiriba, au na trekta la kukodi lililotoka kulima kwa mtu mwingine na udongo bado umeng'ang'ania kwenye majembe yake.

Kabla ya kumwaga udongo ulionunua, jaza ndoo moja, imwagilie, iweke juani wiki mbili au tatu. Kama kuna ndago, itajitangaza. Mche ulioununua, utoe kwenye kiriba uuangalie chini kabla ya kuushusha shimoni. Jembe lililotoka kwenye tuta bovu lioshwe kabla halijaingia kwenye tuta zuri. Jambo dogo, lakini ndilo lililonimalizia bustani msimu wa pili.

Ulichokifukua nacho usikitupe kwenye shimo la mboji. Rundo la mboji la nyumbani halipati joto la kutosha pembezoni, na utavirudisha vijiazi shambani vikiwa vimeshiba. Vitandaze juu ya bati kuukuu, vikauke mpaka vivunjike kwa kidole, kisha vichome. Wenye nguruwe wana bahati, nguruwe huvifukua na kuvila mwenyewe.

Dalili: Ndago iko katikati ya mazao ambayo siwezi kuyang'oa

Hapa huwezi kufukua wala kupulizia. Unayo silaha moja, kivuli. Ndago hupenda jua na joto. Ikifunikwa inasinyaa na kutengeneza vijiazi vichache. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi kubwa hayatoi kivuli cha kutosha, mchicha na vitunguu ndiyo kabisa. Kunde zilizobanana, fiwi, maboga, mukuna, hivyo hufunga ardhi haraka. Viazi vitamu pia hufunika vizuri, lakini ncha za ndago zina tabia ya kupenya ndani ya viazi vyenyewe, na ukivichimba utavikuta vimetobolewa kama kwa sindano. Kwa tuta lenye ndago nyingi, ningepanda kunde.

Hesabu hii ni ya misimu: fukua kiangazi, mvua zikianza sia kunde zilizobanana, ng'oa ndago inayopenya kwenye wiki tatu au nne za mwanzo kabla kunde hazijafunga, halafu ziache zifanye kazi. Ndago iliyoonja masika mawili chini ya kunde haina ubavu wa ile uliyoanza nayo.

Dalili: Iko kwenye uwanja wa nyasi mbele ya nyumba

Utaijua kwa sababu siku tatu baada ya kufyeka, nyasi ziko chini na ndago imeshapanda juu yake kwa vidole viwili. Chanzo mara nyingi ni kufyeka kwa chini mno, karibu na ardhi, nyasi zinabaki na madoa wazi na ndago inapata jua. Inua kimo cha kufyeka, jaza madoa kwa nyasi mpya. Kwenye uwanja, tofauti na bustani ya mboga, ile halosulfuroni ina nafasi yake.

Chumvi, siki, mafuta ya taa, maji ya moto

Chumvi inaua ndago baada ya kuua kila kitu kingine, na tuta linabaki jangwa. Mafuta ya taa na dizeli ni hivyohivyo, na yanaingia kwenye kisima. Siki na maji ya moto huunguza majani tu, sawa na parakwati, bila ile hatari.

Mama mmoja jirani aliniambia nisiitukane sana ndago kwa sababu zamani ililiwa. Nilimwona kama anatania. Lakini ni kweli: mwaka 2014 watafiti waliochunguza ukoga wa meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, kando ya Nili Nyeupe kusini mwa Khartoum, walikuta mabaki ya vijiazi vya ndago, na wakadhani kwamba huenda ndivyo vilivyosaidia meno ya watu hao yasioze, kwa kuwa vina kemikali zinazozuia bakteria wa meno. Nilitafuna kimoja siku hiyo nikiwa kwenye chekeche. Sikumaliza.

Dalili: Bustani nzima imesafika, isipokuwa ukingo mmoja

Hapo usiilaumu tena bustani yako. Angalia upande wa pili wa uzio. Nyuzi za ndago hupita chini ya michongoma na chini ya seng'enge bila kuomba hodi, na kila ukisafisha ukingo wako, vijiazi vipya vinaingia. Chimba mfereji mwembamba wa kina cha jembe moja na nusu kando ya uzio, sentimita 40 hivi, uusimamishie bati kuukuu au nailoni ngumu ya kujengea, ncha yake ikizidi uso wa ardhi kidogo, kisha ufukie. Nyuzi zikigonga bati hupinda na kutokeza juu, unazikata hapohapo.

Mimi nilichimba mita tisa. Mita mbili za mwisho, penye mizizi ya mwembe, sikuweza kushuka chini, na hapo ndipo ndago yangu yote iliyobaki inapotokea, michepuo mitano au sita kila baada ya wiki mbili. Nimeweka kiti cha plastiki hapo chini ya mwembe. Kila Jumapili jioni nakaa, nang'oa, natia kwenye kopo.